Iringa ya Mkwawa: Lugalo, Kalenga na Mlambalasi, Juni 2025

Iringa hutangazwa kama mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wageni wengi hulala pale usiku mmoja, wakajaza mafuta, wakaenda zao kuangalia tembo na simba. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mji wenyewe na vijiji vinavyouzunguka.

Sababu yangu inaanzia mbali. Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu jina la Emil von Zelewski halijasahaulika. Ndiye aliyekuja Agosti 1888 kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani, akataka bendera ya kampuni ipandishwe mjini. Wazee wetu husimulia namna msikiti ulivyoingiliwa kwa viatu na mbwa. Vita vya Abushiri vikawaka pwani nzima, na Abushiri mwenyewe akanyongwa palepale Pangani Desemba 1889. Zelewski akapanda cheo, akawa kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Tarehe 17 Agosti 1891 akauawa na Wahehe, watu wa Iringa waliokuwa chini ya Chifu Mkwawa, mahali panapoitwa Lugalo, njiani kuelekea Iringa. Siku nyingi nilikuwa na hamu ya kupakanyaga mahali hapo.

Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi.

Jumatatu, 9 Juni: Morogoro hadi Iringa

Kutoka Tanga hadi Morogoro sina la kusimulia, nilisinzia karibu njia nzima. Nililala karibu na Msamvu ili niwahi basi la asubuhi. Nauli hadi Iringa Sh 22,000, tiketi ya mashine. Wapiga debe wa Msamvu watakuambia basi linaondoka sasa hivi. Nenda ukalione kwanza, uangalie kama lina watu, ndipo utoe hela.

Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo abiria wa basi anaona wanyama bila kulipa kiingilio. Swala walikuwa wengi, twiga watatu wamesimama karibu kabisa na lami, na tembo mmoja kwa mbali. Dereva alitembea taratibu, maana matuta ni mengi na anayegonga mnyama analipa faini. Mikumi mjini tulipewa dakika 15 za chakula. Chipsi mayai Sh 3,500, nikamalizia kula ndani ya basi.

Baada ya hapo nchi inabadilika. Ukifika Ruaha Mbuyuni mibuyu imejaa pande zote mbili, joto linapanda, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye mifuko ya neti kijiji kizima. Kisha unaanza Kitonga.

Kitonga ni mlima wa kona kali, barabara nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Siku hiyo lori lilikwama kwenye kona, likaziba njia. Tulisimama kwa muda wa karibu saa tatu. Injini ikazimwa, watu wakashuka, wengine wakaweka majani barabarani nyuma ya basi kuonya magari yanayokuja.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo anayerudi Ilula kutoka kumsalimia binti yake. Aliponiona nachungulia dirishani kila dakika akafungua hotipoti, ndani mna viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi ya kuchovya.

"Kula, mwanangu. Kitonga hakuna anayeiharakisha."

Tulikula wote. Akanifundisha kusalimia Kihehe: "Kamwene." Nilipomwambia nakwenda Lugalo alinitazama vizuri, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa. "Lugalo tutapita leo, lakini giza litakuwa limeingia. Usishuke. Njoo kesho kutwa na daladala za Ilula, kila mtu anapajua." Ushauri huo ndio nilioufuata. Aliposhuka Ilula, penye matenga ya nyanya yaliyopangwa mpaka barabarani, aliniachia viazi viwili vilivyobaki.

Stendi ya Igumbilo tuliingia saa mbili usiku. Stendi iko chini, mji uko juu ya mlima, kwa hiyo panda bajaji. Nililipa Sh 5,000 hadi Miyomboni. Mlinzi wa nyumba ya wageni alichelewa kufungua geti, na kijana wa bajaji akakataa kuondoka mpaka nimeingia ndani. Chumba Sh 25,000, maji ya moto yapo, mablanketi mawili. Juni Iringa ni baridi ya kweli, mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka pwani abebe sweta zito na soksi.

Jumanne, 10 Juni: Mjini

Asubuhi supu ya ng'ombe na chapati mbili, Sh 4,000, kwenye mgahawa wa karibu na Mashine Tatu. Ukungu ulikuwa haujaondoka na wauzaji wote wamevaa makoti.

Ukitaka kuuelewa mji wa Iringa anza na jambo moja: haukuwa mji wa Wahehe. Makao ya Mkwawa yalikuwa Kalenga, chini bondeni. Mji huu wa juu ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, chini ya Tom von Prince, kuwa ngome ya kumsakia Mkwawa. Walichagua ukingo wa mlima ili waone bonde lote la Ruaha Mdogo. Ukisimama leo kwenye ukingo huo, juu ya Ipogolo, unaona walichokuwa wakikitazama. Magari ya Mbeya na ya Morogoro yote yako chini yako. Nilikaa pale muda mrefu. Mji mzima ulijengwa kwa ajili ya kumkamata mtu mmoja, na ilichukua miaka miwili mingine baada ya kuujenga, na hata hivyo hawakumkamata.

Jengo la kuanzia ni Boma, la tangu enzi ya Wajerumani, ambalo baadaye Waingereza walilifanya ofisi za utawala. Tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa na utamaduni wa Nyanda za Juu Kusini. Kuta zake ni nene kiasi kwamba kingo za madirisha zinatosha mtu kukaa akasoma. Niliweka mkono wangu wote, kuanzia kiwiko, juu ya kingo moja, na vidole havikufika nje. Ndani kuna vyombo vya nyumbani, silaha, picha za machifu na za wakoloni, na habari za makabila ya mkoa huu. Kijana aliyenitembeza alikuwa anajua kazi yake, na hakuwa na haraka. Alinionyesha picha za askari wa Kiafrika waliotumikia Wajerumani, akasema wageni wengi huzipita bila kuziangalia. Hao ndio waliobeba bunduki nyingi zaidi katika vita vyote hivi, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka Sudan na Msumbiji.

Usiende Boma dakika za mwisho kabla hawajafunga. Tenga saa mbili, na muulize mwongozaji maswali, maana maelezo ya ukutani ni mafupi kuliko anayoyajua yeye.

Mchana nilikula Neema Crafts, karakana na mgahawa ulioanzishwa mwaka 2003, unaoajiri watu wenye ulemavu. Wahudumu wengi ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajifunza ishara kutoka kwenye picha zilizopo. Dada aliyenihudumia alinirekebisha vidole mpaka nikaweza kusema asante. Karakanani wanatengeneza karatasi, wanafuma, wanashona, na unaruhusiwa kuangalia wakiwa kazini.

Jioni makaburi ya vita. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Iringa mwishoni mwa Agosti 1916, na hapa wamelazwa wanajeshi wa pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani. Majani yamekatwa vizuri, mawe yamenyooka. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na magonjwa, na wengi wao hawana jiwe mahali popote nchini. Nasema hivi kwa sababu kule Tanga pia nimeona hivyohivyo. Ukiyatembelea makaburi ya aina hii, wakumbuke na wale ambao majina yao hayakuandikwa.

Jiwe la Gangilonga nililipanda kabla jua halijazama. Liko mtaa wa makazi, juu kidogo ya mji, na kwa simulizi za wenyeji Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari na kupata habari za Wajerumani wanavyokuja. Mji wote unaonekana kutoka juu. Nenda na mwenzako au na mwenyeji, na ushuke kabla ya giza.

Jumatano, 11 Juni: Lugalo

Daladala ya Ilula Sh 2,000. Nilimwambia kondakta "Lugalo, kwenye mnara," akanishusha kando ya barabara kuu, kilomita kama 25 kutoka mjini. Malori ya Zambia yanapita kwa kasi, na kelele yake ndiyo unayosikia kwanza.

Kandokando ya barabara palikuwa na mzee anauza mkaa. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikajaribu kamwene, akafurahi sana, akaacha mkaa wake kwa mjukuu na kuniongoza.

Mnara wenyewe ni wa Wajerumani, wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa. Hilo nilikuwa nimelisoma, lakini kusimama mbele yake ni jambo jingine. Walioshinda hapa ni Wahehe, na jiwe ni la walioshindwa.

Mzee alinionyesha kwa mkono walikotokea. Msafara wa Zelewski ulitoka Kilwa, askari mia kadhaa pamoja na wapagazi, ukichoma vijiji njiani. Mkwawa alikuwa ametuma watu wa kuzungumza naye na walipigwa risasi, hivi ndivyo mzee alivyosimuliwa na babu yake. Askari walikuwa wakitembea kwa mstari mrefu mmoja katikati ya vichaka na miamba, mizinga imefungwa juu ya punda. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe. Walipoinuka na mikuki askari hawakupata nafasi hata ya kupanga mstari. Kwa muda mfupi Wazungu wapatao kumi walikuwa wamekufa na askari zaidi ya 200 pamoja nao. Wahehe nao walipoteza watu wengi.

"Aliyempiga mkuki huyo mkubwa wao alikuwa kijana mdogo," mzee aliniambia. "Miaka 16. Chifu akampa ng'ombe watatu."

Nikamweleza kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeanzisha balaa la Pangani, na kwamba kwetu habari zake zinaishia pale alipoondoka. Hakuwa amewahi kusikia habari za Abushiri. Tulikaa kwenye jiwe, mimi nikamsimulia ya Pangani, yeye akanirudia ya Lugalo, mpaka mjukuu akaja kuita kwamba kuna mteja. Nilimpa Sh 5,000 ya sabuni. Alizikataa mara mbili, mara ya tatu akampa mjukuu.

Wakazi wa Dar es Salaam wanapita kambi ya Lugalo na hospitali ya Lugalo kila siku. Jina limetoka hapa. Wenye watoto wanaosoma historia wawalete, ni kituo cha nusu saa kwa anayesafiri na gari lake kati ya Morogoro na Mbeya, na gari linaegeshwa bila shida. Kurudi mjini nilisubiri daladala karibu saa nzima, zilipita zimejaa. Mwishowe dereva wa gari dogo la nyanya alinipakia mbele na kunishusha Ipogolo, akakataa nauli.

Alhamisi, 12 Juni: Kalenga

Kalenga ni kilomita kama 15 kutoka mjini, upande wa barabara iendayo Ruaha. Daladala Sh 1,500, kisha bodaboda Sh 1,000 hadi makumbusho. Unaweza kutembea kama una muda, njia ni ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka na bustani za mboga karibu na mto.

Baada ya Lugalo, Mkwawa alijua watarudi. Akaimarisha Kalenga kwa ukuta wa mawe kuzunguka mji. Gavana von Schele alifika na jeshi kubwa na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikavunjwa. Ukuta ule leo haupo wa kuutazama. Kuna vipande vya msingi ambavyo mwenyeji lazima akuonyeshe, la sivyo utavikanyaga ukidhani ni mawe ya shambani. Mkwawa alitoka akiwa hai, akaingia msituni, na kwa karibu miaka minne aliwapiga Wajerumani kwa kuvizia. Wajerumani walijaribu kumweka mdogo wake, Mpangile, kwenye kiti mwishoni mwa 1896, kisha wakamshuku na kumuua mwanzoni mwa 1897. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa. Hakuna Mhehe aliyemuuza kwa miezi na miezi, ingawa vijiji vilikuwa vinachomwa na watu wanakufa njaa.

Makumbusho ni jengo dogo. Yamo mikuki, ngao, bunduki, vifaa vya ukoo, na katikati, ndani ya kioo, fuvu.

Ni dogo kuliko nilivyotarajia. Rangi yake ni ya kahawia iliyopauka, na upande mmoja pana tundu. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Wajerumani waliomkuta wakakata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza wa Tanganyika, akapendekeza lirudishwe, na ikaandikwa ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe katika muda wa miezi sita. Haikulirudisha. Miaka 35 ikapita. Gavana Edward Twining alikwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta makumi ya mafuvu kutoka Afrika Mashariki, likachaguliwa moja kwa vipimo vilivyolingana na vya jamaa za Mkwawa walio hai, na kwa tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa hapa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Wakati nimesimama pale likaingia darasa la shule ya msingi, sare za bluu na nyeupe, wamepanga mstari hadi nje. Mwalimu aliwapitisha kumi kumi. Msichana mmoja akauliza walijuaje kwamba hili ndilo, si jingine kati ya yale mengi. Mlinzi wa makumbusho hakumkwepa. Akamwambia walipima, wakalinganisha na ukoo, na wapo wanaobishana hadi leo. Mvulana wa nyuma yake akauliza, "Na mwili wake uko wapi?"

"Mlambalasi."

"Kwa nini hawaviunganishi?"

Mlinzi alisema hilo ni la ukoo kuamua, wala si la serikali wala la makumbusho. Watoto wakanyamaza, kisha wakatoka kwenda kuangalia makaburi ya ukoo yaliyo nje, ambako Chifu Adam Sapi amezikwa.

Swali la msichana yule nimelibeba. Kama hili lilichaguliwa kati ya mengi, yale mengine yalikuwa vichwa vya nani? Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya jamaa za Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Maji Maji, na ambao wanalitafuta fuvu lake. Mabaki ya watu wetu bado yamo kwenye maghala ya makumbusho ya Ujerumani, na mimi nasema wazi kwamba yarudi yote, na kwa gharama ya walioyachukua.

Picha ndani ya jengo omba ruhusa kwanza. Kiingilio cha Mtanzania ni pesa ndogo, cha mgeni kiko juu. Beba pesa kwenye simu na taslimu, na udai risiti. Chakula kipo kwa akina mama karibu na njia panda: ugali, maharage na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, Sh 2,500, na sijala mboga tamu kuliko zile safari yote.

Ijumaa, 13 Juni: Mlambalasi

Hakuna daladala inayofika. Nilielewana na kijana wa bodaboda Sh 40,000 kwenda na kurudi, mafuta yake, kungoja kwake. Ni kama kilomita 50 kila upande, sehemu ya mwisho vumbi tupu. Wakiwa watu watatu au wanne afadhali gari dogo, na wakati wa mvua ulizia hali ya njia kabla ya kutoka.

Tulitoka saa moja asubuhi. Baridi ilikuwa inaingia hadi kwenye mifupa, na kijana akasimamisha pikipiki bila kuombwa, akavua koti lake la juu akanipa. "Wewe umetoka baharini, dada. Mimi nimeshazoea." Kadiri tulivyoteremka joto lilirudi, na baada ya saa nzima koti lilikuwa mapajani kwangu. Nchi ya huku ni kavu, miiba na mibuyu, miamba mikubwa imeegemeana.

Tairi la nyuma lilitoboka mbali na kijiji. Tulisukuma kwa muda, mpaka tukamkuta mfugaji na baiskeli yake iliyobeba madumu ya maziwa. Alikuwa na viraka na pampu. Akalaza baiskeli, akaziba tairi, akajaza upepo, akatumiminia maziwa mgando kwenye kifuniko cha dumu, tukanywa kwa zamu. Kuhusu malipo hakutaka hata kuzungumza.

Mlambalasi ni kilima cha miamba na pango. Watu waliishi humo maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kukuta zana za mawe. Kwa Wahehe ni mahali pa kifo. Julai 1898 Mkwawa alikuwa amebaki na watu wachache kabisa, amechoka, anaumwa. Doria ya Wajerumani ilikuwa inafuata nyayo. Sajini Merkl na askari wake walipofika karibu walisikia mlio wa bunduki, wakaona miili miwili karibu na moto, wakafyatua risasi kwanza kabla ya kusogea. Mkwawa alikuwa amekwisha kufa.

Kaburi lake liko chini ya mwamba, na pembeni yake kaburi la mtumishi aliyekufa naye. Mwangalizi wa eneo alituomba tuvue kofia, nikashusha mtandio mabegani nikakumbuka kwamba agizo ni la wanaume, nikaurudisha kichwani. Kijana wa bodaboda, Mhehe wa Kihesa, alikuwa hajawahi kufika. Miaka yote amewapeleka wageni njia ya Ruaha na hakuna aliyemwomba akate kona kuja huku. Alisimama upande wa kaburi la mtumishi muda mrefu kuliko la chifu, kisha akamuuliza mwangalizi jina la mtumishi huyo ni nani. Mwangalizi akamwambia anavyolijua yeye, wakaongea Kihehe, mimi nikawaacha.

Njiani kurudi alizima injini kwenye njia panda ya Ruaha akaniambia atakuwa anawaambia abiria wake kuhusu Mlambalasi. Nikamlipa Sh 45,000.

Jumamosi, 14 Juni: Isimila na soko

Isimila iko barabara ya Mbeya, kilomita kama 20. Ni korongo lililochimbwa na maji, limeacha nguzo ndefu za udongo zilizosimama peke yake, na chini zimetapakaa shoka za mawe za watu wa kale sana, miaka ipatayo 260,000. Ziligunduliwa mwaka 1951 na kuchimbwa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Nenda asubuhi kwa ajili ya kivuli, na vaa viatu vya kufunga. Nguzo ni nzuri sana kwa picha, na kwa wenye watoto ndicho kituo watakachokipenda zaidi.

Sokoni nilinunua vikapu viwili vya milulu, Sh 12,000 kila kimoja baada ya kuombana bei. Chagua kilichosukwa kwa kubana, ukikibinya mdomo kirudi chenyewe.

Jumapili, 15 Juni: Kurudi

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, Kitonga safari hii tulishuka bila kusimama. Saa saba mchana nilikuwa Msamvu.

Kwa anayepanga: siku tatu kamili zinatosha mji, Lugalo na Kalenga, ya nne ni ya Mlambalasi. Fuata mpangilio wa matukio, Lugalo 1891, Kalenga 1894, Boma na mji, kisha Mlambalasi 1898, hata kama kijiografia unarudirudi. Nikirudia ningeiacha Kalenga kuwa ya mwisho, kwa sababu fuvu lilirudi mwaka 1954, baada ya yote. Malazi, usafiri wa ndani, chakula na viingilio vilinigharimu kama Sh 310,000, ukiacha nauli za basi na vikapu. Tiketi ya kurudi ikate jana yake jioni. Ijumaa na Jumapili mabasi hujaa mapema, na Igumbilo alfajiri bajaji za kutoka mjini hupanda bei, kwa hiyo elewana na dereva usiku na uchukue namba yake.